Neno la Tano la Andrew Ogari

"Nikiondoka, nani atashika hii kazi?"

Wapendwa waombolezaji, hilo ni swali ambalo marehemu aliliuliza mezani, hapa hapa nyumbani Birongo, tarehe 25 Desemba 2023, mbele ya watu kumi na wanne waliokuwa wakila, na ninaanza nalo kwa sababu siku hiyo hakuna aliyemjibu, mama alisema, "Ee Nyasae, Mungu wangu, mwanangu, usitamke hivyo," baba akageuza uso akaangalia ng'ombe, baba mdogo Sylvanus akamsogezea sahani akamwambia, "Kula kuku, kijana, wewe ndiye utatuzika sisi," watu wakacheka, nami nikacheka nao, na swali likabaki pale mezani pamoja na mifupa.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Ashley Kwamboka, kitinda mimba wa nyumba hii, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria, na familia imeniteua kusoma historia ya kaka yangu kwa sababu, walivyosema, mimi ndiye hodari wa kuongea, nimeshinda midahalo, nina vikombe kabatini, basi nisimame. Nimesimama. Mwendeshaji wa ratiba amenipa dakika kumi, na ninaomba tuelewane mapema kwamba nitazipita, na kwamba asinipigie ile kengele yake.

Andrew Ogari Onsongo alizaliwa tarehe 3 Juni 1986, hapa Birongo, akiwa kifungua mimba wa watoto wanne wa Mzee Obadiah Onsongo, mwalimu mstaafu, na Mama Loice Moraa, mkulima wa chai na ndizi ambaye wengi wenu mmekula kwake. Mama anasema alikuwa mtoto wa kimya, asiyelia bila sababu, na kwamba akiwa na miaka tisa aliifungua redio ya baba juu ya meza ili aone sauti inakaa wapi, akairudisha kabla ya taarifa ya saa saba, na redio ikazungumza kama kawaida, lakini skrubu mbili zilikuwa zimebaki mkononi mwake, na baba, ambaye ni mtu wa haki, alimchapa kwa ajili ya skrubu mbili, si kwa ajili ya redio. Tangu siku hiyo hadi kifo chake hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kazi huku kitu kimebaki mezani.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani kuanzia mwaka wa 1993, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2000, akajiunga na shule ya upili ya bweni upande wa Nyamira, akamaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba 2004, kisha akakaa nyumbani mwaka mmoja na zaidi akichuma chai na kutengeneza simu za majirani, hadi Mei 2006 alipoitwa chuo kikuu huko Juja kusomea uhandisi wa umeme, akahitimu mwaka wa 2011. Huko Juja ndiko alikokutana na mambo mawili yaliyomkalia rohoni hadi mwisho, la kwanza ni rafiki yake Jeconia Ochanda, kijana kutoka Homa Bay, ambaye leo ana duka la kutengeneza simu Kisii mjini na ameketi pale mstari wa mbele akiwa hajalala siku tatu, na la pili ni Linux.

Niruhusuni nieleze, maana nimechoka kusikia watu wakisema marehemu alikuwa "mambo ya kompyuta". Linux ni programu kuu inayoendesha kompyuta, haikuandikwa na kampuni moja, imeandikwa na maelfu ya watu duniani kote ambao huweka msimbo wao wazi, yaani yale maagizo yanayoiambia mashine ifanye nini, ili yeyote ausome, aurekebishe na autumie bila kumwomba mtu ruhusa. Na kompyuta si hizi za mezani tu, kuna zile ndogo kama kiberiti, zinazofichwa ndani ya mita ya stima, ndani ya pampu ya maji, ndani ya mashine za hospitali, hazina kioo wala kibodi, na ukizikosea hazikwambii kitu, zinanyamaza. Huko ndiko kulikuwa shamba la ndugu yangu. Baba mdogo Sylvanus alikuwa akimwona anashinda ndani na waya, anawaambia watu sokoni, "Huyu amesomeshwa na chai yote ya boma hili, na bado ni fundi wa redio," na Ogari akisikia alikuwa anacheka tu, anasema, "Tata moke, baba mdogo wangu, redio nayo ni kazi."

Alifanya kazi katika kampuni moja ya mita jijini Nairobi kuanzia Septemba 2011 hadi Machi 2014, akaiacha kwa hiari yake, akarudi Kisii, na tarehe 19 Aprili 2014 alifunga ndoa na Sharon Nyaboke, binti wa Nyaramba, katika kanisa la kwao, ndoa iliyobarikiwa na watoto wawili, Bravin, aliyezaliwa tarehe 22 Januari 2015, na Loice mdogo, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 2018, aliyepewa jina la nyanya yake na kurithi pia mdomo wake.

Hapa nitavunja mpangilio, maana kazi kubwa ya marehemu haiwezi kuelezwa bila mtoto. Mwezi wa Machi 2015, Bravin akiwa na wiki sita, shemeji yangu Sharon alikuwa ameenda kwao kujikalia kidogo kama ilivyo desturi, akambeba mtoto akatembea hadi zahanati moja upande wa Nyaramba kumpeleka chanjo, akakuta akina mama ishirini wakirudishwa nyumbani, kwa sababu stima ilipotea Ijumaa jioni, friji ikazima, hakuna aliyejua hadi Jumatatu asubuhi, na chanjo zote zilikuwa zimeharibika. Jumanne Ogari alienda mwenyewe, akamkuta nesi Pam Adoyo akiosha friji tupu huku amekasirika, akamuuliza, "Dada, kwani friji haiwezi kupiga simu?" Nesi Pam akamtazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Wewe, friji ipige simu na kredi ya nani?" Ogari akasema, "Yangu."

Huo ndio ulikuwa mkutano wa kwanza wa mradi ambao leo uko katika friji mia tatu na arobaini.

Alitengeneza kikasha. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayoendeshwa na Linux, kuna kipima-baridi kinachoingizwa ndani ya friji, kuna betri na laini ya simu, na friji ikianza kupata joto kikasha kinampigia nesi, asipopokea kinampigia wa pili, asipopokea kinampigia hata chifu. Ili Linux ikielewe kipima-baridi kile cha bei ya chini ilibidi aiandikie kipande kipya cha msimbo na kukituma kwa watunzaji wa Linux huko ng'ambo, na kilirudishwa mara saba, mara maelezo hayatoshi, mara mistari ni mirefu, mara panga upya, hadi Ochanda akamwambia, "Achana na hao watu, bwana, hata mwalimu wa hesabu hakunirudishia daftari mara saba," marehemu akamjibu, "Ya nane itakuwa safi kwa sababu yao," na ya nane, tarehe 11 Agosti 2016, ilikubaliwa, na jina la Andrew Ogari likaandikwa ndani ya Linux, limo hadi leo, katika mashine za watu ambao hawawezi kuonyesha Birongo kwenye ramani.

Tarehe 1 Juni 2018, sikukuu ya Madaraka, stima ikapotea Nyaramba mchana, kikasha kikampigia nesi Pam akiwa katika harusi ya binamu yake, akatoka na gauni lake la satini, akapanda pikipiki, akaziokoa chanjo zote kwa kasha la barafu, na jioni akampigia Ogari akiwa analia na kucheka, akamwambia, "Friji yako imeniharibia harusi, ubarikiwe."

Kila alichoandika alikiweka wazi kwenye mtandao, bure, na juu ya hilo tulibishana sana, yeye na mimi. Shirika moja la Nairobi, ambalo jina lake nitaliacha kwa heshima ya msiba, lilichukua vikasha vyake, likabandika nembo yake juu, likapigwa picha navyo, na mimi nikamwambia, kaka, hawa wanakula jasho lako, yeye akaniambia, "Kwamboka, mtoto akidungwa sindano haulizi kibandiko ni cha nani," nikamwambia hiyo si hoja, hiyo ni huruma, akaniambia, "Basi nipe hoja yako tuone kama inapoza friji." Na alikuwa na msemo aliourudia mpaka tukauchoka, kwamba kitu kikiwa wazi hakifi na mtu. Ninausimamia huo msemo leo kwa shingo upande, na mtaona kwa nini.

Tarehe 17 Agosti 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo uliotokana na shinikizo la damu, na kuanzia Oktoba mwaka huo akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara, mkono mmoja kwenye mashine na mkono mwingine kwenye kompyuta, hadi wauguzi wakawa wanamtania, "Injinia, hata hapa?" naye anawaambia mashine ya kusafisha damu nayo ina Linux ndani, labda, wacha aikague. Barua pepe ziliendelea kumjia. Ninazo. Nimezisoma zote wiki hii. Watu wa ofisi wenye viyoyozi, wanaotumia kazi yake bila hata kumjua sura, wakimwandikia, tunatarajia urekebishe kabla ya Ijumaa, mbona umechelewa kutujibu, hii haikubaliki. Haikubaliki! Mmoja aliandika tarehe 27 Oktoba saa nane mchana, wakati ndugu yangu alikuwa tayari amefunikwa shuka, akauliza kama marehemu "bado ana nia na mradi huu". Nilimjibu mimi. Sitawasomea nilichoandika, mchungaji yupo.

Lakini sikuja kuwashtaki watu wa Nairobi peke yao, maana katika mdahalo unaanza na ushahidi ulio karibu, na ushahidi ulio karibu uko ndani ya hema hili.

Msimbo wote wa marehemu uko wazi isipokuwa kitu kimoja ambacho hakiwezi kuwa wazi, nacho ni ufunguo wa kutia sahihi. Kikasha hakipokei badiliko lolote lisilo na sahihi ya Ogari, na hivyo ndivyo inavyopaswa, kwa sababu bila sahihi mtu mwenye nia mbaya angeweza kukifundisha kusema friji ni baridi wakati imekuwa oveni. Ufunguo huo ulikaa katika kompyuta moja kuukuu, isiyounganishwa na mtandao, chini ya meza katika nyumba yake hapo nyuma yenu, imefungwa kwa maneno matano ya siri ambayo huulizwa mara moja tu, inapowashwa, na ikishafunguka hukaa wazi mpaka izimwe. Kwa hivyo aliiwasha tarehe 4 Machi 2024 na hakuizima tena, aliiwekea betri ya gari kwa ajili ya stima kupotea, akampa Ochanda ufunguo wa mlango, ili siku yeye akilemewa, Ochanda aingie, akae, atie sahihi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa swali la Krismasi, baada ya sisi kukataa kumjibu. Na hapo chini ya meza alibandika karatasi, kwa mwandiko wake ule wa mwalimu, "Tafadhali usichomoe. Ogari."

Akajua pia kwamba karatasi huanguka, na sisi Abagusii hatupendi mtu aliye hai apange mambo ya kifo chake, tunaona anakiita, basi akatuzunguka. Yale maneno matano aliyagawa kwa watu watano, neno moja kwa kila mmoja, bila kutuambia ni ya nini, akisema tu, "Kuna siku utaulizwa." Alimpa mama, alimpa mkewe Sharon, alimpa Ochanda, alimpa nesi Pam, na akanipa mimi.

Jumatatu tarehe 27 Oktoba 2025 marehemu aliamka akiwa na nguvu kuliko siku nyingi, akanywa uji, akamwambia Sharon kwamba badiliko alilokuwa akiliandika tangu Agosti limekamilika na amelijaribu wiki tatu, kilichobaki ni sahihi tu, ataitia jioni akirudi kutoka hospitalini. Badiliko lenyewe ni dogo, ndani ya kila kikasha kuna cheti kinachokitambulisha kwa mtambo wa simu, kama leseni ya dereva, na cheti hicho, kwa vikasha vyote mia tatu na arobaini, kinakwisha tarehe 30 Novemba mwaka huu. Akiwa kwenye mashine, saa saba na dakika ishirini mchana, moyo wake ulisimama, madaktari wakahangaika naye kwa dakika arobaini, na hakurudi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, miezi minne na siku ishirini na nne.

Kesho yake, Jumanne, boma lilijaa, nyumba ya marehemu ikaondolewa vitu ili wageni wapate pa kukaa kama tunavyofanya siku zote, viti nje, kitanda nje, na mafundi wa vyombo vya sauti wakaomba mahali pa kuchomeka spika. Nilikuwepo. Nilimwona baba mdogo Sylvanus akiinama chini ya meza, akaisoma ile karatasi kwa sauti, akasema, "Ameandika tafadhali, lakini mwenyewe hayuko, nani atauliza?" Akachomoa. Betri ya gari ikapelekwa kuwasha taa za hema. Siku mia sita na tatu ile kompyuta ilikuwa haijazimika, na ilizimika ili tupate kusikia tangazo la chai. Spika hizi ninazotumia kuzungumza nanyi sasa hivi zimechomekwa katika soketi ile.

Baba mdogo, usiondoke, kaa. Sijakuita adui. Umelia kuliko sisi sote tangu Ochanda alipofika Jumatano kutoka kwao Homa Bay, akaingia ndani, akaona chini ya meza hakuna taa, akakaa kwenye sakafu na viatu vyake vya matope na kusema, "Nani? Nani amezima?" Hukujua. Ulikuwa ukiwatafutia wageni umeme. Nimekutaja kwa sababu kesi hii haina mshtakiwa mmoja, na ninakuja kwa mwingine.

Ochanda alitueleza, na siku hiyo hiyo maneno yakaanza kukusanywa. Mama, ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani, aliingia chumbani akatoka na kitabu cha nyimbo, akakifungua mahali palipokuwa na karatasi imekunjwa mara nne, akasema kila jioni ya Sabato amekuwa akilisoma neno la mtoto wake kabla ya kuimba, asije akalisahau. Sharon alikuwa ameliandika ndani ya kadi ya kliniki ya Loice mdogo. Nesi Pam alipigiwa simu, akalitaja kabla hata hatujamaliza kuuliza. Ochanda alilijua lake. Manne. Kisha wakanigeukia mimi, mwenye vikombe kabatini.

Waombolezaji, sina.

Jumapili tarehe 16 Machi 2025, saa tisa alasiri, tulikuwa katika ukumbi wa kanisa Suneka tukijiandaa kwa mdahalo wa vijana, mada ilikuwa kwamba teknolojia imemkomboa kijana wa Gusii, mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono, na nilikuwa ninaandika hoja zangu kwenye karatasi kubwa ya manila sakafuni simu ilipolia. Niliiweka kwenye spika ili mikono ibaki huru. Akasema, "Kwamboka, andika neno moja." Akalisema, taratibu, mara mbili. Ni neno la Kigusii, la zamani, jina la kitu cha nyumbani ambacho vijana hawakitumii tena, hilo ninalikumbuka, kwa sababu lilichekesha, na mtu mmoja nyuma yangu, karibu na mlango, alilirudia kwa sauti ya kuigiza kama bibi kizee, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ogari akauliza, "Umeandika?" Nikasema, "Nimeandika." Nilikuwa nimeandika, kweli. Nilikuwa nimeandika hoja ya tatu.

Tulishinda mdahalo ule.

Tangu Jumatano ile nimekaa na Ochanda tukijaribu kila jina la chungu, la kibuyu, la ungo, la mkeka, la jiwe la kusagia, baba ametoa maneno ambayo hata mama hakuyajua, Bravin ametuletea mengine kutoka kwa kila mzee anayeingia hemani, tumejaribu maneno mia tatu na kumi na sita, na mashine imeyakataa yote. Nimewauliza wenzangu wanane niliokuwa nao ukumbini, wote wanakumbuka kucheka, hakuna anayekumbuka neno. Wanasema, nami naamini, aliyelirudia hakuwa mmoja wetu, mvua ilikuwa ikinyesha, na watu wa soko walikuwa wamejikinga mlangoni.

Leo ni tarehe 6 Novemba. Zimebaki siku ishirini na nne. Ufunguo usipopatikana, tarehe 30 vikasha havitazimika, afadhali vingezimika watu wajue, vitaendelea kuwasha taa yao ya kijani na kupima baridi, lakini havitaweza kumpigia mtu, na nesi atalala akiamini analindwa. Njia nyingine ni kukifikia kila kimoja, kukifungua kwa bisibisi na kuiandika upya kadi ya kumbukumbu iliyo ndani, na Ochanda ameanza, ameshafanya kumi na tisa, kati ya mia tatu na arobaini, na vingine viko visiwani ziwani, vingine nje ya Kenya, na wanaojua kuifanya kazi hiyo katika kaunti hizi mbili, Kisii na Nyamira, ni yeye peke yake, pamoja na mimi, niliyejifunza Ijumaa, na bado ninakawia kwenye kila skrubu. Hakuna skrubu iliyobaki mezani, kaka. Nimehesabu.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu waliomhudumia kwa miaka miwili na kuhangaika naye dakika zile arobaini, ninawashukuru majirani wa Birongo waliotuletea kuni, maji na ndizi bila kuombwa, wakwe zetu wa Nyaramba, wanakwaya, mchungaji, wenzake wa kazi wa hapa na wale wa mbali ambao hatukuwahi kuwaona, kumi na saba kati yao wametuma salamu, na mmoja, yule yule aliyemrudishia msimbo mara saba, ameandika kwamba mistari ya Ogari ilikuwa misafi kuliko yake mwenyewe. Ninamshukuru nesi Pam, aliyekuja leo na gauni lile la satini, kwa sababu alisema hana nguo nyingine inayomfahamu marehemu.

Andrew Ogari, mwana wa Onsongo, umechoka, lala, mkono ule wa sindano upumzike nao. Kesi yako dhidi yangu ninaikubali bila kupinga.

Na sasa wewe. Sikujui jina. Ulisimama mlangoni pa ukumbi wa kanisa Suneka, siku ya mvua, mwezi wa Machi, ukamsikia mtu kwenye simu akitaja kitu cha zamani, ukamwigiza, watu wakacheka. Hukukosea, na hakuna atakayekulaumu, huenda wewe ndiye mtu pekee duniani uliyemsikiliza siku ile. Kama uko hapa, au kama ni mtu wako aliyekusimulia kichekesho hicho, mazishi yakiisha nitakuwa nimekaa kwenye mlango wa nyumba yake, pale penye kiti cha bluu, na sitaondoka mpaka mtu wa mwisho atoke bomani. Tafadhali, njoo uniambie neno lile.